Skrini nyeusi si skrini iliyofungwa

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Voi limekaa juu ya bati kana kwamba linadai kodi. Saiba ninayofanya kazi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wawili wa fotokopi, mwalimu mmoja wa Mwatate aliyekuja kuprinti pesilipu, na msichana wa kutoka Sagalla aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Huyo alikuwa mashine namba tatu. Upande mmoja wa skrini amefungua matokeo yake ya KCSE, upande mwingine tovuti ya KUCCPS, anapiga hesabu za kozi.

Simu yake ikaita. Alikuwa babake. Ndani netiweki ilikuwa inakatakata, akasimama kutoka nje, akaniuliza, "Bro, nikitoka kidogo hakuna mtu atagusa?"

Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "Usijali, ikikaa kidogo inajifunga yenyewe."

Na kweli, baada ya dakika tano skrini ikawa nyeusi tii. Akaingia kijana mmoja kuuliza kama kuna mashine. Nikamwonyesha namba tatu kwa kidole, maana hata mimi nilikuwa nimeshasahau. Akakaa, akagusa mausi. Skrini ikawaka pale pale. Haikuuliza paswadi wala nini. Mbele yake kukawa na jina la yule msichana, masomo yake yote na gredi zake. Kumbe walisoma shule moja. Akatoa simu, akapiga picha, akanyanyuka na kusema atarudi baadaye.

Msichana alirudi, akamaliza kazi yake, akalipa, akaniambia asante. Jioni picha ilikuwa kwenye gurupu la WhatsApp la darasa lao, na vicheko vya kutosha chini yake. Asubuhi yake alikuja na dadake mkubwa. Hawakuja na kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Si ulisema inajifunga?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye fundi wa pale, ndiye naitwa kila printa ikikwama. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, lakini kompyuta nilidhani nazijua. Usiku huo nilikaa na mashine namba tatu mpaka nikaelewa nilichokosea. Nakuandikia hapa ili usije ukamdanganya mtu kama nilivyomdanganya yeye.

Saa nne ndani ya mashine moja

Watu wengi tunadhani kompyuta ikiachwa inafanya kitu kimoja, "inalala". Ukweli ni kwamba kuna mambo manne tofauti, na kila moja lina saa yake.

La kwanza ni kufifia. Mwanga unapungua lakini bado unaona. Hili ni onyo tu, kama makanga anavyogonga bodi kabla gari halijaondoka stejini. Ukigusa mausi, mwanga unarudi.

La pili ni skrini kuzimika. Monita inakuwa nyeusi, lakini kompyuta yenyewe iko macho kabisa. Muziki unaweza kuendelea, faili inaendelea kushuka.

La tatu ni kulala. Hapa sasa karibu kila kitu kinasimama, feni inanyamaza, na kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu ya muda, inayotegemea stima.

La nne ni kufunga. Hili ndilo linaloweka paswadi kati ya mtu na kazi yako. Na hili ndilo peke yake linalolinda siri.

Kwenye dekstopu nyingi za Windows, hasa hizi za ex-UK tunazonunua kwa bei ya kupumua, la pili na la nne hazijaunganishwa. Skrini inaweza kuzimika mara hamsini kwa siku bila kufungwa hata mara moja. Ndicho kilichotokea namba tatu. Ilikuwa nyeusi, lakini mlango ulikuwa wazi.

Sisi wa huku Taita Taveta hatuhitaji mfano wa mbali. Tunaishi na Tsavo uani. Ua wa umeme ukikatika stima bado unaonekana ua, nyaya zimesimama vile vile. Ndovu akiugusa akakuta hakuna kitu, shamba limekwisha. Skrini nyeusi isiyo na paswadi ni ua usio na stima.

Huu mkanganyiko ulitoka wapi?

Kuna historia fupi hapa. Zile monita za zamani, nzito, zenye mgongo mrefu nyuma, zilikuwa na tatizo. Picha moja ikikaa muda mrefu sehemu ile ile, inaacha alama kwenye kioo. Ndiyo sababu zikabuniwa zile picha za kuchezacheza: nyota zinazokujia usoni, mabomba yanayojijenga ovyo. Kazi yake ilikuwa kulinda kioo tu. Baadaye ndipo ikaongezwa alama ndogo ya kuweka tiki, ya kuuliza paswadi ukirudi.

Monita bapa za leo hazihitaji zile nyota wala mabomba. Lakini kwenye Windows, ile tiki bado imejificha kule kule kwa zile picha. Mtu anatafuta kufuli mahali panapoitwa mlinzi wa skrini. Nani angejua?

Kwa wale wa Windows

Kabla ya yote, jifunze vidole viwili: kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na L. Bonyeza mara moja, mashine imefungwa sekunde hiyo hiyo, hakuna kusubiri saa yoyote. Ukitoka kitini, hata kama ni kuchukua chai mlangoni, bonyeza. Ukisahau kila kitu kingine kwenye makala haya, hicho kibaki.

Halafu hakikisha akaunti ina paswadi au PIN. Nilipokagua mashine zetu sita niligundua nne hazikuwa na paswadi kabisa. Kufunga akaunti isiyo na paswadi ni kurudisha mlango bila komeo. Mtu anabonyeza mara moja na yuko ndani.

Sasa zile saa. Fungua "Settings", ingia "System", halafu sehemu ya "Power". Hapo utachagua skrini izimike baada ya dakika ngapi na mashine ilale baada ya dakika ngapi. Hizo ni saa ya pili na ya tatu.

Kwa saa ya kufunga, rudi "Settings", ingia "Personalization", kisha "Lock screen", shuka chini mpaka "Screen saver". Kama hutaki picha za kuchezacheza, chagua "Blank". Andika dakika unazotaka, halafu weka tiki palipoandikwa "On resume, display logon screen". Hiyo tiki ndiyo iliyokosekana namba tatu.

Angalia hesabu vizuri hapa. Ukiweka skrini izimike dakika ya 5 na kufuli lije dakika ya 10, umetengeneza dakika tano za hatari: kila mtu anaona giza, anadhani pamefungwa, na hapajafungwa. Kufuli lije kwanza, au vyote vije pamoja. Na ujue Windows huacha sekunde chache baada ya picha kuanza, ukigusa mausi haraka inakuachia bila paswadi. Hiyo ni ya kumsaidia mwenyewe aliyekuwa anasoma tu, si kosa.

Ingia pia "Accounts", kisha "Sign-in options". Kuna swali pale la lini mashine ikuombe paswadi ukirudi. Kwenye dekstopu nyingi jibu la maana ni inapoamka kutoka usingizini. Ukikuta limewekwa "Never", badilisha leo.

Kwa wale wa Ubuntu

Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine zetu mbili za zamani hazingeweza kupanda hadi Windows 11. Tukaziwekea Ubuntu. Nilidhani wateja watalalamika, lakini mtu anayetaka intaneti na printa hajali sana.

Huku mambo yamepangwa kwa akili zaidi. Kwenye "Settings", sehemu ya "Privacy", utapata "Screen Lock" au "Screen" kulingana na toleo lako. Hapo kuna muda wa skrini kuzimika, swichi ya kufunga, na muda wa kusubiri kati ya kuzimika na kufunga. Huo wa mwisho ndio mtamu. Unaweza kusema: skrini izimike dakika ya 5, lakini nipe sekunde 30 za neema kabla hujaniuliza paswadi. Mwanga pia hupungua polepole kabla ya giza, kwa hivyo ukiwa bado unasoma unatikisa mausi na maisha yanaendelea.

Wapenda kuandika amri wanaweza kumaliza kwa mistari mitatu:

gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 300

gsettings set org.gnome.desktop.screensaver lock-enabled true

gsettings set org.gnome.desktop.screensaver lock-delay 0

Ile 300 ni sekunde, yaani dakika tano. Ile 0 maana yake kufuli lije papo hapo skrini inapozimika. Ukitaka neema, weka 30. Kufunga kwa vidole, hata huku ni kitufe kile kile cha Windows pamoja na L.

Kitu kimoja kinawachanganya watu: wanatafuta kufifia kwenye dekstopu na hawakuoni. Laptopu inashika taa ya kioo chake yenyewe, kwa hivyo inaweza kuipunguza. Monita ya dekstopu ni kifaa kingine kinachojitegemea, na mara nyingi mwanga wake unabadilishwa kwa vitufe vya chini au vya nyuma yake. Monita nyingi zinaweza kuongea na kompyuta kupitia kebo, ila zinahitaji programu ya ziada. Kwa Windows jaribu Twinkle Tray, kwa Linux kuna ddcutil. Kama unakesha ukihariri video kwenye chumba kimoja na ndugu aliyelala, hizo zitakuokoa na ugomvi.

Halafu nikapita kiasi

Baada ya yale ya Sagalla niliogopa. Nikaweka mashine zote zijifunge baada ya dakika moja. Nilijiona mlinzi wa benki.

Siku ya pili akaja mzee mmoja kutoka Kasigau na barua ya shamba, ameiandika kwa kalamu, kurasa tatu. Alitaka kuichapa mwenyewe. Anaandika kwa kidole kimoja, anasoma karatasi, anavua miwani, anafuta jasho, anavaa miwani. Akiinua macho, mashine imejifunga. Nikaenda, nikafungua. Dakika mbili, imejifunga tena. Mara ya sita au ya saba akaniangalia kwa upole na kuniuliza, "Kijana wangu, hii mashine yako inanifukuza?"

Nilichoka kutembea. Nikaandika paswadi kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu juu ya kila monita. Bosi wangu aliingia, akasoma, akacheka mpaka akakaa. "Umefunga duka halafu ukaning'iniza ufunguo mlangoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna dakika sahihi kwa kila mtu. Kufuli likisumbua sana watu watalizunguka, kama mimi mwenyewe nilivyolizunguka. Swali la kujiuliza si mashine inaweza kufunga haraka kiasi gani. Jiulize: nani anapita hapa, na nikiondoka, nini kinabaki wazi?

Kwa hivyo tukapanga upya. Mashine ya kaunta, yenye pesa na faili za wateja, inajifunga dakika ya 2, kwa sababu mimi huamka kila mara na watu wanaegemea pale. Mashine za wateja zinajifunga dakika ya 5, na skrini inazimika wakati huo huo. Mteja mwenye kazi ya kusoma polepole, kama yule mzee, namwongezea mpaka 15 na ninakaa karibu. Mteja akitoka nje, tunabonyeza vidole viwili, akirudi ananiita nimfungulie. Akimaliza kabisa, kufunga hakutoshi: anatoka kwenye akaunti zake zote, halafu mimi ninafunga kivinjari na kufuta alichoacha. Kufuli linamlinda anayerudi. Aliyeondoka analindwa na kutoka kabisa.

Nyumbani kwako peke yako, dakika 15 au hata 30 ni sawa. Bedsita ya watu watatu na marafiki wanaopitia? Tano. Ofisi ya kaunta, ambako raia anasimama mbele yako? Geuza kwanza monita isiangalie watu, kisha zungumza habari ya dakika.

Na usitegemee saa pekee. Video ikicheza kwenye kivinjari, inaiambia kompyuta isizime skrini, na mara nyingi kufuli nalo halitakuja. Mteja anaacha wimbo unacheza, anaenda sokoni kununua mboga, akirudi baada ya nusu saa imebaki wazi vile vile. Kwenye Windows, ukifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika powercfg /requests, utaona programu inayoikesheza mashine. Lakini dawa ni vile vidole viwili.

Kagua pia arifa. Mashine inaweza kufungwa vizuri na bado ujumbe wa WhatsApp ukajitokeza juu ya kufuli, mtu akasoma akiwa amesimama. Kwenye Windows na Ubuntu zote mbili, sehemu ya arifa ina swichi ya kuzizuia zisionekane skrini ikiwa imefungwa.

Tokeni na giza

Bosi hakushawishika na habari ya siri peke yake. Alishawishika na tokeni. Tukapiga hesabu: tuseme monita moja inakula wati 20, ziko sita, na kwa siku zinawaka bure kama saa nne bila mtu mbele yake. Hizo ni wati-saa 480, karibu nusu uniti kila siku. Kwa siku 26 za kazi unafika uniti 12 na ushee. Monita ikizimwa na kompyuta hula chini ya wati moja. Tangu siku hiyo bosi ndiye anayekagua zile dakika kuliko mimi.

Ila kulala kwa mashine kuna mtego. Kazi iliyolala inaishi kwenye kumbukumbu inayohitaji stima. Stima ikipotea, ambacho hukuhifadhi kimekwenda. Na sisi tunajua stima kupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa mpigo. Kwa hivyo hifadhi faili kabla ya kuondoka, au tumia ile hali inayoitwa "Hibernate", ambayo huandika kila kitu kwenye diski kabla ya kuzima. Kuamka kunachelewa kidogo, lakini barua ya kurasa tatu inabaki. Sisi tumeacha mashine zizime skrini na kujifunga tu mchana, kulala ni za usiku.

Siri ya mtu si mzaha

Kuna wanaosema, "Gredi tu? Si ni mambo ya watoto wa shule?" Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na habari za maisha yake binafsi ni sehemu yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza uzito juu ya hapo: anayeshika habari za watu ana wajibu wa kuzilinda. Saiba ndogo ya Voi inashika vitambulisho, PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa na barua za hospitali kila siku. Mara nyingi mtu anakuja kwetu kwa sababu hana kompyuta kwao. Hana mahali pengine pa kwenda.

Nilimwomba msamaha yule msichana mbele ya dadake. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha. Hajarudi tena. Kozi aliyopata siijui, na nadhani sistahili kuijua.

Juzi mama mmoja alikuwa namba tatu na fomu za mtoto wake. Simu ikaita, akasimama, akaniuliza swali lile lile, hakuna mtu atagusa? Safari hii niliinuka. Nikabonyeza vidole viwili mbele yake, skrini ikabadilika.

"Gusa mausi uone, mama," nikamwambia.

Akagusa. Ikamwomba paswadi. Akatoka nje kuongea na simu yake.